Kazi ya Kukaa

Chumba cha leza kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka, na kila aliyeingia alivaa miwani ya kijani: mgonjwa, muuguzi, na aliyemsindikiza mgonjwa, yaani mimi. Siku ya kwanza baba yangu alijitazama kwenye kioo cha dirisha akasema, "Sista, mbona tumekuwa marubani?"

"Keti, rubani," Sista akamjibu. "Ndege hairuki watu wakiwa wamesimama."

Baba alikuwa fundi viatu. Mtaani walimwita Gundi, kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu akishika mazungumzo haachii. Sukari ilikuwa imemkaa mwilini miaka mingi, ikamla taratibu mpaka nyayo zikafa ganzi. Kisha kidonda kikatokea chini ya mguu wa kushoto bila yeye kujua. Nilikigundua mimi, nilipokuwa nafua, kwa sababu soksi moja ilikuwa imegandia.

Tulihangaika nacho kwa kila dawa. Mwishowe daktari akatueleza bila kuzunguka: ilikuwepo mashine ya mwanga, imewasaidia baadhi ya watu, si wote. Tungeijaribu. Kidonda kisipofunga, mguu ungekatwa chini ya goti kabla ugonjwa haujapanda juu.

"Na ukikatwa?" Baba aliuliza.

"Utaishi, mzee."

"Sikuuliza hilo," Baba akasema, lakini kwa sauti ndogo, na daktari alikuwa ameshafungua mlango kumwita mwingine.

Sista alifanya kazi yake kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Alifungua bendeji, akasafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akaondoa ngozi iliyokufa pembeni, kisha akachukua kifaa kinachofanana na kalamu nene, ncha yake imevikwa plastiki safi. Nukta nyekundu ya mwanga ilikaa mahali pamoja mpaka mashine ilie, ikasogezwa kidogo, ikakaa tena. Ukingo kwanza, kisha katikati.

"Unasikia chochote?"

"Hata ungenigongea msumari nisingesikia."

"Haitakiwi kuuma. Inaamsha tu nyama iliyolala."

"Hii yangu haijalala, Sista. Hii imehama."

Sista akacheka mpaka mwanga ukatikisika. Nilimpenda kwa hilo. Watu wengi walimchekea baba kwa huruma. Yeye alicheka kwa sababu alichekeshwa.

Jambo moja lilimsumbua. Vidonda vya namna ile, alituambia, hutokea pale mtu anapokanyagia, kwenye kisigino au karibu na vidole. Cha baba kilikuwa katikati, kwenye bonde la unyayo.

"Kuna kitu kinakubana hapa, Baba. Si kiatu?"

"Kiatu kinibane mimi? Usinitukane mbele ya mwanangu."

Hata hivyo alivua cha mguu wa kulia, pacha wa kile cha kushoto, akampa. Sista akaingiza mkono, akapapasa mpaka mwisho, akakirudisha. Kilikuwa laini kama shavu.

"Basi usiukanyagie kabisa mguu huu. Kazi yako ni ya kusimama?"

"Ya kukaa."

"Afadhali. Kaa, Baba. Kaa sana."

Baba akatii. Sijawahi kuona mtu akitii namna ile. Zamani alizoea kuinuka kila mara, kwenda kuchagua ngozi, kwenda kubishana mpira na kinyozi wa kibanda cha jirani. Sasa asubuhi nilimfikisha kibandani kwa kiti cha magurudumu cha kuazima, nikamsaidia kuhamia kwenye kigoda chake, nikaenda zangu maktaba nilikofanya kazi. Jioni nilimkuta palepale.

"Dada, huyu mzee amejigundisha," kinyozi alinipigia kelele mlangoni kwake. "Hata chooni anaenda kwa kupewa notisi!"

"Amri ya hospitali," Baba akamjibu. "Wewe nyoa. Utakata sikio la mtu kwa kunitazama mimi."

Na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alifanya kazi kuliko wakati wowote ninaokumbuka. Viatu ambavyo wenyewe walishavikatia tamaa viliondoka rafuni vikiwa na soli mpya. Nilifurahi. Nilidhani kazi inamsahaulisha.

Siku moja Sista aliniita nisogee. Ukingoni mwa kidonda palikuwa na utando mwembamba, wa rangi ya waridi, kama ngozi ya juu ya maziwa. "Ndiyo hii sasa," akaninong'oneza, akanibana mkono. Baba alijifanya anatazama dari, lakini alikuwa anatabasamu.

Tuliporudi tena, utando haukuwepo. Palikuwa pamechanika. Ukarudi, ukachanika. Sista akapunguza maneno. Akatubadilishia bendeji, akatuuliza kuhusu sindano, kuhusu chai, kama Baba analala akiwa ameukunja mguu. Nilijibu kila swali kwa ukweli. Kidonda kikawa kirefu kwenda ndani.

Kisha soli ya kiatu cha Sista ikaachia. Baba aliisikia kabla hajaiona.

"Kiatu chako kinakupigia makofi, mwanangu. Kivue."

"Acha bwana, Baba. Wewe ni mgonjwa wangu."

"Hapa mimi ni mgonjwa wako. Kwa upande wa kiatu, wewe ndiye mgonjwa wangu. Kivue."

Akavua, akarudi wodini na kandambili za chooni.

Kesho yake jioni Sista alitoka kazini, tukaenda pamoja kukichukua. Kinyozi alikuwa anafagia nywele. Baba hakutuona. Alikuwa ameinama, miwani puani, msharasi wa kutobolea mkono mmoja na uzi wa nta mkono mwingine. Kiatu cheupe cha Sista kilikuwa juu ya goti lake la kushoto, na kimeshikwa na mkanda.

Mkanda ule nimeukuta duniani. Ni ngozi iliyounganishwa ncha kwa ncha. Unapita juu ya kiatu, unashuka pande zote mbili za mguu, unaingia chini ya unyayo. Fundi akikandamiza mguu chini, kiatu kinabanwa gotini hakitikisiki, na mikono yote miwili inakuwa huru. Kila mshono, anakandamiza. Niliuona kila siku, kama mtu anavyoona pua yake.

Sista alisimama. Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akapiga magoti pale kwenye vumbi la ngozi, akaweka mkono chini ya mguu wa baba, kati ya bendeji na mkanda. Mkono ulipotoka ulikuwa umelowa.

"Baba," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Huu mkanda."

Baba aliutazama kama anayeonyeshwa mkono wake mwenyewe. "Si ndiyo kazi?" akasema. "Sijakanyaga, Sista. Muulize huyu. Nimekaa. Uliniambia nikae."

Sista alibaki pale chini. Nadhani alikuwa analia, lakini alijiinamia. Baba alimalizia mishono iliyobaki kwa kukishika kiatu mkononi, vibaya vibaya, kama mwanafunzi, akaukata uzi kwa meno.

"Chukua, mwanangu. Usilie. Mimi sikusikia chochote."

Daktari alipima kina kwa kijiti cha chuma chembamba. Kiliingia, kikaingia, kikagota.

"Kimefika kwenye kalibu," Baba akasema.

"Unasema?"

"Msumari ukipita soli yote ukagonga chuma cha kalibu, unajua umefika mwisho. Hapo si mfupa?"

"Ni mfupa, mzee."

Picha zikaonyesha mfupa umeshaliwa. Daktari alizungumza na mimi kuhusu siku na sahihi, na mguu wa bandia baadaye, kama ungepatikana. Baba alisikiliza, kisha akaniuliza mimi, si daktari, "Mama, wa bandia unaweza kukandamiza?"

Nilisema nitauliza. Sikuuliza.

Siku ya kulazwa, nikimsukuma kuelekea wodini, alinishika mkono tulipofika kwenye stoo ya mashuka. "Nipitishe kule." Sista alikuwa anapanga vifaa vyake.

"Niwashie," Baba akasema.

"Baba, haitasaidia tena."

"Najua. Niwashie tu."

Akatugawia miwani. Akafungua, akaosha, hakuharakisha chochote. Nukta nyekundu ikatua ukingoni. Baba hakuutazama mguu wake. Alikuwa anatazama kiatu cheupe cha Sista.

"Kinashika?"

"Kinashika."

"Mishono ya mwisho ni mibaya. Ukipata fundi mwingine, mwambie airudie."

Mashine ikalia. Sista akasogeza mwanga, ikalia tena, akausogeza, mpaka akazunguka kidonda chote na katikati. Kisha akachukua bendeji mpya, akaufunga mguu vizuri, tabaka juu ya tabaka, kama wa mtu atakayerudi kubadilishiwa.