Mdomo wa Beattie Tranter

Nilikikalia kile kiti mara moja tu, na mbao zake zilikuwa baridi ingawa nje jua la Julai lilikuwa likichoma. Kiliwekwa kwenye kona yenye giza ya kanisa letu pale Wenbury, nyuma ya birika la ubatizo, kimefungwa kwenye ncha ya gogo refu lenye magurudumu. Mbele kulikuwa na ukanda wa chuma wa kumbana mtu tumboni asichomoke. Hakuna mtoto wa mji ule asiyejua kazi yake. Zamani, mwanamke mwenye mdomo aliketishwa pale, akasukumwa mpaka mtoni huku watu wakimzomea, kisha gogo likainamishwa naye akazama na kuibuka, akazama na kuibuka, mpaka akome kusema.

Niliufunga ule ukanda. Ulinipwaya. Nikawaza kwamba mama yangu ungemtosha sawasawa, nikaufungua haraka.

Mama alikuwa na mdomo, sikatai. Beattie Tranter akisema uani, waliokuwa ng'ambo ya mto waliacha kutafuna ili wasikie. Nyumba yetu haikukauka watu. Mmoja akitoka na kikombe, mwingine yuko mlangoni anauliza kama birika bado lina moto. Nani kagombana na mkwewe, nani kaonekana na fundi wa saa, mimba ya nani haiendani na tarehe ya harusi, yote yalipita mezani kwetu kabla hayajafika kanisani. Mimi nililelewa chini ya meza ile, na nilichojifunza pale shule haikuwahi kunifundisha.

Wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka alikuwa Ivy Pugh, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Baba alipofia vitani nikiwa bado tumboni, Ivy ndiye aliyelala kitanda kimoja na mama mpaka nilipozaliwa.

Ugomvi ulianza na dohani. Nyumba zetu zote za mtaa ule zilikuwa za mtu mmoja, Bwana Lathbury, na nyuma tulikuwa na chumba kimoja cha kufulia cha kushirikiana, chenye sufuria kubwa ya shaba na dohani ya matofali juu yake. Dohani hiyo ilikuwa imeinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Kila Ijumaa mkusanya kodi alipopita, mama alisimama kizingitini na kumpasha.

"Mwambie bosi wako lile dude litaua mtu! Au anangoja limwangukie yeye? Basi mlete hapa alale chini yake, mto nitampa mimi!"

Mtaa mzima ulivunjika mbavu. Mkusanya kodi aliondoka masikio mekundu, na wiki iliyofuata mambo yalikuwa yale yale.

Kisha Jumanne moja akaja Bwana Lathbury mwenyewe. Hakupandisha sauti, na mimi nadhani ndicho kilichonitisha. Alivua kofia, akakataa kiti, akakataa chai.

"Bi. Tranter," alisema, "unajua kwamba nchi hii bado ina sheria ya wanawake kama wewe?"

Mama akacheka. "Kama mimi vipi? Wazuri?"

"Wagomvi. Mwanamke anayesumbua majirani kwa mdomo wake ana kosa la jinai. Ni sheria ya kale, lakini haijafutwa. Wakili wangu amenihakikishia. Wanatakiwa majirani wawili watatu tu, waende kuapa mbele ya mahakimu. Nimeshaanza kuzungumza nao."

"Nao kina nani?"

Akairudisha kofia kichwani taratibu. "Utawaona siku ya kesi." Kisha akanitazama mimi, akatabasamu. "Huyu naye hana baba, sivyo? Wapo watu wa serikali wanaowaangalia watoto wa aina hii, mama zao wakiwa hawapo."

Mlango ulipofungwa mama alibaki amesimama, mkono mmoja kwenye birika, mpaka birika likaanza kupiga mluzi. Hakuliondoa motoni. Niliinuka nikaliondoa mimi.

Siku hiyo hiyo ndipo nilipokimbilia kanisani kukitazama kile kiti. Miaka kumi na mitatu si utoto sana, na mwaka ule wa hamsini na nane watu walikuwa na televisheni. Lakini nilijiuliza swali ambalo hata leo sioni ujinga wake: kama sheria bado ipo, na kiti bado kipo, na mto bado upo, ni nini hasa kilichokosekana?

Alasiri Ivy aliingia kama kawaida, akavuta kiti chake.

"Una nini leo, we Beattie? Umemeza kufuli?"

"Kichwa kinaniuma tu."

"Basi usiseme. Nitasema mimi kwa niaba yetu sote." Na kweli alisema, mpaka chai ikapoa. Mama alikuwa anamtazama mdomo, si macho.

Ingeishia hapo labda, kama si Bi. Gough wa nyumba ya mwisho. Huyo alimvuta mama pembeni dukani kwa muuza nyama. "Sikwambii kwa ubaya, shoga, lakini Lathbury nimemwona kwa macho yangu akitoka kwa Ivy. Kofia mkononi! Wameongea nini, mimi sijui."

Kuanzia siku hiyo komeo la mlango wetu lilishuka hata mchana. Watu waligonga, mama akaniashiria ninyamaze, tukakaa jikoni tunasikiliza viatu vikirudi vilikotoka. Alinong'ona hata alipoomba chumvi. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani. Ijumaa alitoa kodi bila neno, mkusanya kodi akababaika na mfuko wake.

"Leo hatuna habari za dohani?"

"Hatuna," mama akasema, akafunga mlango. Yule bwana aliondoka akiimba.

Siku ya kufua kwa mtaa wetu ilikuwa Jumatatu. Wanawake walijazana uani toka alfajiri, mvuke unatoka kila upenyo, kamba zimejaa mashuka. Mama siku hizo alifulia jikoni, peke yake, kwenye beseni. Nilikuwa namsaidia kukamua taulo alipoacha ghafla, maji yanamtiririka hadi viwikoni.

Nje, tofali moja lilikuwa limedondoka kutoka juu ya dohani. Halikuleta kishindo, lilitua kwenye rundo la nguo chafu. Likafuata jingine. Moshi ulikuwa unatokea ubavuni badala ya juu. Chini yake kabisa, ametugeuzia mgongo, Ivy alikuwa anaanika shuka, vibanio mdomoni.

Mama alisukuma dirisha. Nikamwona akivuta pumzi. Ile pumzi niliijua, mtaa mzima uliijua, na kwa mazoea nikaziba masikio.

Hakuna kilichotoka.

Mdomo ulikuwa wazi, shingo imetoka mishipa, lakini macho yake yalikuwa yameiacha dohani. Yalikuwa yanazunguka madirisha ya uani. Kwa sababu ya joto, yote yalikuwa wazi siku ile, na kila dirisha lilikuwa na mtu.

Nikapiga kelele mimi. "Ivy!" Lakini sauti yangu ilikuwa ya kumwitia mtu chai. Hakukimbia. Aligeuka kunitazama, na licha ya vile vibanio aliweza kunitabasamia. Nyuma yake dohani ikaketi chini, taratibu, kama bibi aliyechoka.

Vumbi lilipotulia, mashuka yote yalikuwa mekundu kwa unga wa matofali, na sikuweza kujua kipi ni unga na kipi siyo.

Hospitali walimkata Ivy mguu chini ya goti. Mama alichelewa kwenda. Alivaa koti, akalivua, akalivaa tena kesho yake. Hatimaye tulikwenda sote wawili, na akakaa ukingoni mwa kiti akikunja na kukunjua glavu zake.

Ivy hakumlaumu. Aliuliza tu, kama anayetaka kujua kweli.

"Mbona hukupiga kelele, Beattie? Wewe tena, mwenye sauti ile?"

Mama akatazama blanketi, pale lilipolala bapa. "Nilikuwa nakuogopa wewe."

Muuguzi mmoja alipita na sinia. Ivy alingoja apite.

"Alikuja kweli," akasema. "Alitaka niende nikaape. Nilimmwagia maji ya vyombo. Nikaja kukuhadithia, niliona utacheka mpaka ujikojolee. Nikagonga na kugonga."

Mama hakulia pale. Alilia kwenye basi, bila sauti, uso umegeukia kioo.

Kesi haikufunguliwa, wala ya mama wala ya Bwana Lathbury. Dohani mpya ilijengwa, iliyonyooka, na mwenye nyumba akaendelea kupewa kiti cha mbele kanisani. Ivy alirudi na gongo, na jioni zake zote akawa kwetu. Mlango wetu ulifunguliwa tena, chai ikamiminwa, watu wakarudi na habari zao. Ila mama alizisikiliza tu. Mtu akiwekea tundu la ufunguo sikio asingesikia sauti yake.

Mwaka wa sitini na saba nilikuwa nimeolewa na kuhamia Birmingham. Nilipanda treni na gazeti kwenye mkoba, kwa ajili ya aya fupi ya ukurasa wa ndani, chini ya habari za ng'ombe: Bunge limeyafuta makosa kadhaa ya kale, na la mwanamke mgomvi likiwamo. Niliwasomea pale mezani, neno kwa neno. Ivy akanitaka nirudie. Mama alikuwa anakoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Na kile kiti?" akauliza.

"Kipo. Wamekiwekea kamba watoto wasikiguse."

Ivy akaligonga gongo lake sakafuni. "Sasa wewe uko huru, mwanamke! Haya. Mpe Lathbury lake moja, lile la moyoni. Nimelingojea miaka yote hii kwa mguu mmoja."

Mama aliweka kijiko chini. Akavuta pumzi, ile ile, na mimi mtu mzima nikajikuta nimeinua mikono kuelekea masikioni. Kisha akasita. Aliinuka, akaenda mlangoni, akalishusha komeo. Akavuta pazia. Akarudi, akamwinamia Ivy na kumnong'oneza sikioni.

Ivy alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaishika meza asidondoke. Nilimwomba aniambie. Mimi, ambaye hakuna siri ya mtaa ule iliyowahi kunipita. Alitikisa kichwa tu, akamtazama mama, ambaye alikuwa bado ameligeuzia sikio dirisha.