Neno la Siri la Mama Faudhia

Kiwanda cha serikali kilipouzwa kwa mwekezaji, nilipunguzwa kazini pamoja na taipureta yangu. Sikulia. Nilifungua ofisi Daraja Mbili ya kupandisha wageni Mlima Meru: chumba kimoja, kompyuta moja, laini ya simu, na barua pepe ya kuandikiana na Wazungu.

Mume wangu, Said, akasema mali ya kisasa inataka ulinzi wa kisasa. Akaweka nondo madirishani, mlango wa chuma na makufuli matatu. La nne, kubwa kama kichwa cha mbuzi, tulizawadiwa na Elirehema, kijana mwenye ofisi kama yetu ng'ambo ya barabara. Mlangoni tukamweka mlinzi, Koikai, Mmasai wa Ngaramtoni, na rungu lake. Kompyuta yenyewe Said aliifunika kitambaa cha kufuma, kwa kuwa alisikia kuna virusi.

"Sasa mwizi aje," akasema.

Mwizi hakuonekana. Wageni nao hawakuonekana.

Waholanzi wanne waliandika kwamba wanafika Jumatatu. Nilisimama uwanja wa ndege na bango langu mpaka nikabaki na wafagiaji. Wiki iliyofuata wakaniandikia kunishukuru: mwenzangu aliyewapokea alikuwa mcheshi sana.

Mwenzangu yupi? Ofisi yangu ina mimi.

Ndipo nikaanza kuchunguza. Kila asubuhi nikifungua barua pepe, nakuta zimeshasomwa.

"Baba Faudhia, unazisoma wewe?"

"Mimi hata kuiwasha hiyo sijui."

"Basi kuna mtu anaingia."

"Apite wapi? Makufuli manne!" Akaenda kununua la tano.

Walikuwa wamebaki walimu wanane wa kutoka Denmaki, wa Jumamosi. Hao nao wakiibwa, nafunga ofisi, narudi nyumbani kukaanga maandazi ya kuuza. Na maandazi yangu hata watoto wangu hawayataki.

Nilikuwa nakunywa chai mlangoni, Koikai akaniuliza, "Mama, hizo barua za kompyuta zinafunguliwa na nini?"

"Neno la siri."

"Neno gani?"

"Nimekwambia siri."

Elirehema akapita. "Shikamoo, Mama Faudhia!"

"Marahaba."

Muuza mkaa akafuata. "Mama Faudhia, leo hutaki gunia?" Fundi cherehani naye akapaza sauti kutoka barazani kwake: "Mama Faudhia, gauni tayari!"

Nikaweka kikombe chini. Nilichagua jina la mwanangu wa kwanza ili nisilisahau, utafikiri mtaa huu ungeniruhusu kulisahau.

"Ni Faudhia," akasema Koikai. Wala hakuuliza.

"Nyamaza."

"Sisi, mama, hata idadi ya ng'ombe hatuitaji mbele za watu. Wewe umewapa watu ufunguo wa zizi wakusalimie nao."

Nilimweleza Said. Akafikiri sana, akajikuna kidevu. "Basi tuweke jina la mtoto wa pili."

Sikuweka la mtoto yeyote. Tena sikubadilisha chochote siku ile, maana nilitaka kwanza kumjua mgeni wangu. Niliwapigia simu wale walimu, nikawaambia kwa Kiingereza changu cha diploma: barua nitakayowaandikia leo msiifuate, nitawapokea mwenyewe uwanja wa ndege, nimevaa kilemba cha njano. Kisha nikawaandikia: "Nimeelewa kuwa mnakuja kwa basi kutoka Moshi na mtashuka Kikatiti saa nne asubuhi. Nisubirini hapo sokoni, kwenye ndizi."

Jumamosi alfajiri nikabadilisha neno la siri, nikaenda uwanja wa ndege. Walimu wote wanane walikiona kilemba. Tukapanda gari, tukaanza safari ya Arusha.

Pale Kikatiti, katikati ya mikungu ya ndizi, alisimama mtu kavaa suti nyeusi na tai, jua linamkaanga. Mkononi ana bango lenye jina la ofisi yangu. Kona moja ya bango ilikuwa imeshaliwa na mbuzi.

Nikamwambia dereva asimame.

"Elirehema! Unamsubiri nani?"

Akalishusha bango taratibu. "Shika... shikamoo, Mama Faudhia. Namsubiri shangazi."

"Shangazi yako anapanda Meru?"

Wauza ndizi wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Toka asubuhi anatuuliza basi la Wazungu!"

"Endelea kuniita Mama Faudhia," nikamwambia. "Ni jina zuri, ila halifungui tena kitu. Na kufuli lako Koikai atakuletea."

Gari likaondoka. Mwalimu mmoja, mama wa makamo, akageuka kumtazama, akaniuliza kama yule ni mwenzangu kazini.

"Hapana," nikamjibu. "Ofisi yangu ina mimi."