Besi ya Manasseh

Kwa miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa sauti ya Jumuiya ya Mtakatifu Yuda Tadei uwanjani, na nalisema bila haya. Kabla ya kila mechi nilichora mistari ya uwanja kwa jivu, kisha nikasimama nyuma ya goli na debe langu la kupiga kama ngoma. Nilipaza sauti, "Yuda," nao wenzangu wakaitikia, "Wa yasiyowezekana," kwani huyo ndiye mtakatifu anayeombwa mambo yakishindikana. Baba Paroko aliwahi kusema kwenye matangazo ya Misa kwamba Anyona ana thamani ya wachezaji wawili. Mke wangu Celestine hushikilia kwamba Padre alikuwa anatania. Hakuwa anatania.

Halafu akaja Manasseh. Alikuwa fundi wa simu hapo Kebirigo, akiishi na Nyanchera wa jumuiya yetu, na walikuwa na mtoto mmoja. Walitaka kufunga ndoa kanisani baada ya Pasaka. Manasseh alikuwa amelelewa kwa watu wa Sabato, ila hakuwahi kubatizwa, kwa hiyo akajiandikisha kwa mafundisho ya wakatekumeni.

Mechi za parokia yetu huchezwa Jumamosi alasiri. Jumapili ni siku ya Misa, na Jumamosi watu wa Sabato wako kanisani kwao, hivyo uwanja wa shule ya msingi unabaki wetu peke yetu. Maana yake ni kwamba Manasseh, mtu mzima mwenye ndevu, hakuwa ametazama mechi ya Jumamosi hata moja maishani mwake. Kuotea hakujui mpaka leo. Lakini alikuwa ameimba kwaya tangu utotoni, kwaya zile za Sabato zisizohitaji hata kinanda. Siku yake ya kwanza uwanjani alisikiliza kiitikio changu mara mbili, akainamisha kichwa, akaingiza besi.

Baada ya wiki tatu mashabiki wetu walikuwa wamepangwa kwa sauti nne. Tulipocheza na Mtakatifu Monika, golikipa wao alisimama kutusikiliza na tukamfunga. Watu wakasema bao lile ni la Manasseh. Mimi niliyechora mstari wa goli lenyewe nikaambiwa nipunguze debe kidogo, linaharibu wimbo. Aliyeniambia ni Celestine, ambaye siku hizo alikuwa sauti ya pili na alirudi nyumbani akiimba hata akipika mboga.

Kijiba cha roho kilinishika. Wakati ule sikukiita hivyo. Nilijiambia natetea utaratibu. Na utaratibu ulikuwepo kweli. Mafundisho yalikuwa saa nane mpaka saa kumi, mechi saa tisa. Katekista Osoro, mwalimu mstaafu asiyecheka, aliita majina mwanzoni, kisha akageukia ubao kuandika Amri za Mungu kwa herufi nzuri ndefu. Manasseh alikaa karibu na mlango. Ilipofika amri ya tano hivi, kiti chake kilikuwa kitupu.

Jumatano nilimpata katekista akifunga kanisa.

"Mwalimu, nina wasiwasi na Manasseh," nikamwambia. "Hapo darasani kwako anakaa mpaka mwisho?"

"Jina lake nimeliita kila Jumamosi na ameitika."

"Kuitika ameitika. Ila saa tisa huwa tuko naye uwanjani."

Katekista alichomoa ufunguo mlangoni. "Umenijia kwa ajili ya roho yake, au kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya roho yake," nikasema, nikiwa nimesimama mlangoni pa kanisa.

Jumapili, baada ya Misa, yalisomwa majina ya watakaobatizwa Mkesha wa Pasaka. La Manasseh halikuwepo. Katekista akaeleza kwamba waliokosa mafundisho watangoja Pasaka ya mwaka ujao. Hakuna ubatizo, hakuna ndoa. Gauni la Nyanchera lilikuwa tayari kwa fundi wa nguo. Alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa nusu fainali. Manasseh alibaki darasani mpaka mwisho, na mimi nikasimama nyuma ya goli langu na debe langu. "Yuda," nikapaza. Waliitikia, lakini sauti zao zilining'inia tu hewani, maana chini yake hapakuwa na kitu. Walikuwa wakigeuka kutazama njia ya kanisani. Tulishinda kwa penalti, tukaingia fainali, na hakuna aliyekuja kunipa mkono.

Kesho yake alasiri Manasseh alifika kwangu. Alikuwa ameacha pikipiki barabarani, akapita katikati ya mashamba ya chai kwa miguu.

"Bwairire, Baba Bochaberi," akanisalimu kwa Kikisii, akiniita kwa jina la binti yangu wa kwanza. "Fainali siwezi kuja, nitakuwa darasani. Nataka nikufundishe besi uwashikie wenzetu."

Nilimtolea kiti. Celestine alikuwa mlangoni pa jiko akimenya ndizi, na yeye alijua nilikokwenda Jumatano ile, kwa sababu nilikuwa nimemwambia, na tangu nimwambie alikuwa akiniwekea chakula mezani na kurudi zake jikoni. Manasseh akaimba mstari, nikaurudia. Akaimba tena, nikakosea. Hakuchoka. Mara ya nne niliukatiza wimbo katikati.

"Ni mimi niliyekwenda kwa katekista," nikamwambia.

Kisu cha Celestine kikatulia.

"Najua," Manasseh akasema. "Katekista alimwambia Nyanchera siku ile ile."

"Na bado umekuja?"

"Nyanchera alikataa nisije. Tumegombana mpaka sasa hivi." Alijifuta uso kwa kiganja, na hapo nikaona kwamba hakuwa amelala vizuri kwa siku nyingi. "Mimi ndiye niliyetoroka darasani, wewe hukunisukuma. Nimekasirika nawe, sitadanganya. Lakini nimeomba hasira iniondoke, na leo asubuhi imepungua. Haya, simama wima. Unaimbia kooni."

Akaweka kiganja chake kifuani pangu kunionyesha sauti inakotoka, akaanza mstari upya, polepole, kama mtu aliye na siku nzima.

Mimi nilibatizwa nikiwa na wiki tatu. Naungama kila mwezi tangu nikiwa darasa la nne. Nilisimama pale na mkono wa yule mtu asiyebatizwa juu ya moyo wangu, nikatafuta sauti aliyoitaka, na nikamwonea wivu kwa msamaha huo pia.