Mgeni wa Bwawa la Blakestone

Siku tatu mfululizo upepo wa magharibi ulivuma usiku na mchana, ukang'oa vigae viwili vya paa la Desmond Crabtree. Siku ya nne ulipopunguza hasira, Desmond alivaa mabuti yake ya mpira, akatia mkobani chupa ya chai na mkate wenye jibini, akapanda mlima kwenda bwawani. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mashine za kufuma sufu, mpaka kiwanda kikafungwa. Hakuoa, na tangu mama yake afariki kulikuwa na siku zilizokwisha bila yeye kumsemesha mtu hata neno moja.

Watu wa bondeni hawakumwelewa. Blakestone ni maji meusi yaliyozuiwa kwa ukuta wa mawe, na kuyazunguka ni nyasi za kahawia zisizo na mti hata mmoja. Lakini mwezi wa Oktoba ndege hushuka kutoka kaskazini, na bwawa lililokuwa tupu saa mbili asubuhi laweza kuwa na mgeni saa tatu. Hatoi taarifa. Unaweza kwenda siku thelathini ukarudi na mafua tu. Siku ya thelathini na moja umeinama kumimina chai, unainua kichwa, na buabua weusi kumi wanapita juu ya maji kimya kimya kana kwamba walikuwapo siku zote. Dakika ile hulipia zile siku thelathini.

Zamani dakika hizo alizigawana na Ellis Thackray, aliyekuwa mwalimu wa jiografia na mwandishi wa kumbukumbu za ndege wa wilaya nzima. Walisimama bega kwa bega miaka ishirini. Kisha asubuhi moja kozi mweupe wa kaskazini, ndege ambaye wengi hufa bila kumwona, alipita juu ya ukuta wa bwawa, akageuka, akapotea nyuma ya mlima. Desmond alimwonyesha mwenzake kwa kidole. Aliandika taarifa, kamati inayothibitisha ndege adimu ikamwuliza Ellis, na Ellis akajibu kwamba alikuwapo lakini hakuona ndege wa namna hiyo. Taarifa ikatupwa. Kwenye baa watu wakawa wanamuuliza Desmond, "Leo umeona tai wangapi, mzee? Au bado hujanywa vya kutosha?" Tangu hapo Desmond alishika upande wa magharibi, na Ellis upande wa mashariki karibu na nyumba ya pampu. Miaka kumi na mmoja walisalimiana kwa kutikisa kichwa tu.

Asubuhi ile Desmond alihesabu bata kumi na wanne na minandi wawili. Alikuwa amekwisha kufunga daftari alipoona, pale mawimbi yanapopiga mawe, kitu cheupe kidogo kikizunguka juu ya maji kama pia ya watoto. Alisogea. Hakikuruka. Alipiga magoti penye tope, na ndege akaja mwenyewe mpaka hatua mbili kutoka kwake, akidonoa vidudu, mgongo wa kijivu, doa jeusi nyuma ya jicho. Ni ndege wa bahari kuu. Huzaliwa kwenye nchi za barafu pasipo na watu, ndiyo maana hajui kumwogopa mtu. Upepo ulikuwa umemtupa mlimani.

Desmond alijikuta anacheka peke yake. Kisha akageuka pembeni kama ilivyokuwa desturi yake zamani, na pembeni hapakuwa na mtu.

Alitia daftari mkobani. Halafu akavuka ukuta wote wa bwawa, upepo ukimsukuma ubavuni, mpaka kwenye nyumba ya pampu. Ellis alikuwa ameketi kwenye ngazi. Darubini yake ilikuwa bado ndani ya mfuko wake.

"Kuna mgeni upande wangu," Desmond alisema. "Yule azungukaye. Yuko karibu kabisa."

Ellis aligeuza uso, lakini macho yake yalitua kando kidogo ya bega la Desmond. "Karibu kiasi gani?"

"Ungekuwa na fimbo ungemgusa."

"Basi nishike mkono, bwana. Njia siioni vizuri."

Ndipo Desmond alipoelewa. Alimwongoza kwa kumshika mkono wa koti, polepole, akimtajia kila jiwe. Ndege alikuwa bado pale. Ellis alipiga magoti, akainamisha kichwa upande kama kuku anayetazama punje, akaeleza kwamba katikati ya macho pamekwisha kupofuka, kando tu ndiko kumebaki kuona. 

"Namwona," akasema. "Anazunguka."

Walimtazama mpaka magoti yakafa ganzi. Kisha Ellis, bila kumtazama Desmond, akasema, "Na yule kozi wako, Des, sikumwona kwa sababu sikuweza. Macho yalikuwa yameanza kuharibika wakati ule."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Wilaya nzima iliyaamini macho yangu. Niliona aibu."

"Ukaona afadhali wanicheke mimi."

"Ndiyo," Ellis alisema. "Hivyo hivyo."

Desmond aliinuka, akapangusa tope magotini. Ellis akasema ataiandikia kamati ukweli wote. Jumamosi alikuwa anahamia Plymouth kwa binti yake. "Andika," Desmond akamjibu. Alimrudisha mpaka barabarani, jirani wa Ellis alikokuwa akingoja na gari, wakapeana mikono kwa glavu.

Kesho yake ndege hakuwapo.

Barua ya kamati ilifika Desemba. Walimshukuru Bwana Thackray kwa uungwana wake, lakini shahidi ambaye hakuweza kuona si shahidi, na kwa hiyo taarifa ya kozi ilibaki na mtu mmoja tu, kama mwanzo. Desmond aliisoma mara mbili akiwa amesimama jikoni, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Mtu pekee ambaye angekifahamu kicheko kile alikuwa Ellis. Alitafuta kalamu, akaandika jina la Ellis juu ya bahasha, kisha akakumbuka kwamba pale barabarani hakumwomba anwani.

Aliiacha bahasha mezani. Alfajiri iliyofuata upepo ulikuwa umegeuka, sasa unatoka kaskazini. Akachemsha maji ya chai, akayatafuta mabuti yake.