Mnadi Ajifunza Kunyamaza

Mungu alimpa kila mtu mdomo mmoja, lakini Mnadi alipewa na ya wenzake ambao hawakuwa wanaihitaji. Kila Jumamosi, katika ua wa mnada uliojaa makabati, majokofu na viti vya ofisi vilivyochoka, alipanda juu ya meza na nyundo yake ya mbao akauza hata kisichouzika. Kabati lisilo na mlango aliliita kabati lenye hewa safi. Watu walicheka, na mtu akishacheka mkono wake hauko mbali na mfuko.

Binti yake wa pekee alimrithi. Alianza kusema kabla ya kutembea, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Chiriku. Baba na mwana wakikaa mezani, mama alikula kimya na kumaliza wa kwanza. Lakini alipofika miaka kumi na sita, Chiriku alianza kufifia. Sentensi zikawa maneno, maneno yakawa kutikisa kichwa. Kisha mwalimu wa ushauri shuleni akawaita wazazi, akawaambia kwa upole kwamba binti yao amekuwa akijiumiza mwenyewe, kwa makusudi, na kuficha.

Mnadi alifanya alichokijua: alisema. Alisema sebuleni, alisema jikoni, alisema nje ya mlango wa chumba uliofungwa. Alihutubia kuhusu shukrani, kuhusu alivyolelewa yeye, kuhusu wenye shida kubwa zaidi. Alisema huku analia, na kilio hakikumpunguzia kasi. Ndani ya chumba hakukutoka hata neno. Tuseme ukweli, alikuwa ameogopa, na mtu wa aina yake akiogopa hupaza sauti.

Mwalimu akawaelekeza kwa Daktari. Huyu alikuwa mwanasaikolojia wa hospitali, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoteremka puani, na alikuwa anafanya utafiti kuhusu vijana wanaojiumiza. Chiriku alionana naye peke yake. Wazazi nao walikuwa na kikundi chao, kwa sababu hapo ndipo penye swali la Daktari: mzazi akifundishwa kusikiliza, je, mtoto atamjia kabla hajajiumiza, badala ya kugunduliwa baadaye?

"Watoto hawa hawafanyi mchezo," aliwaambia wazazi siku ya kwanza. "Hawana laana, wala hawajakosa adabu. Ndani mwao kumejaa kuliko wanavyoweza kubeba, na hawajapata pa kutua mzigo. Nataka nyinyi muwe hapo pa kutua. Mtauliza swali moja, halafu mtanyamaza."

"Mpaka lini?" Mnadi akauliza.

"Mpaka mtoto aseme."

"Na asiposema?"

"Unaendelea kunyamaza, Baba Chiriku."

Mnadi akaona kweli mitihani ya dunia haiishi.

Walifanya mazoezi wawili wawili, mmoja akiwa mzazi, mwingine akijifanya mtoto. Mnadi alipangiwa dereva wa lori, pande la mtu mwenye ndevu mpaka kifuani. Dereva alikunja mikono, akanuna, akawa msichana wa miaka kumi na sita kabisa.

"Mwanangu, leo umeshindaje?" Mnadi akamwuliza.

Dereva akaangalia dirishani.

"Najua hukushinda vizuri," Mnadi akadakia, "lakini maisha ndivyo yalivyo, mimi nilipokuwa na umri wako..."

"Baba, niache!" Dereva akalia kwa sauti nyembamba, akainuka, akatoka na kubamiza mlango.

Chumba kizima kiliangua kicheko, na mke wa Mnadi alicheka kuliko wote. Wakarudia. Safari hii Mnadi alimeza mate, akauma mdomo, akakagua dari ubao kwa ubao, kisha hotuba ikamtoka nzima nzima. Dereva alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "hata mimi ningekuwa binti yako, nisingekwambia kitu."

Watu walicheka tena, ila Mnadi hakucheka. Neno lile lilimwingia.

Jumamosi iliyofuata Daktari mwenyewe akatokea mnadani. Viti vya chumba chake vilikuwa vimeanza kuvunjika, Dereva peke yake akiwa ameua viwili, na alihitaji vingine. Alisimama nyuma kabisa, ameegemea ukuta, kwa sababu kumbe mwanamke huyu asiyetishwa na kilio cha mtu alikuwa anaogopa mnada. Bei ya viti ilipanda, kisha ikapunguza mwendo.

"Mara ya kwanza!" Mnadi akanguruma. "Mara ya pili!"

Halafu akafunga mdomo. Nyundo ikabaki hewani. Macho yake yakasafiri polepole mpaka nyuma, yakatua kwa Daktari, yakamngoja bila kumsukuma. Daktari alikunja vidole, akavikunjua, mwisho akainua mkono.

Alipokuja mbele kuchukua viti vyake, alikuwa anatabasamu mpaka miwani imepanda.

"Baba Chiriku, umenyamaza!"

"Lini?"

"Baada ya mara ya pili. Nimekuona kwa macho yangu."

"Aa, hapo ni lazima, Daktari. Wenye kelele wako mbele. Mwenye haja ya kweli mara nyingi yuko nyuma, anaona haya. Ukiwahi kugonga, umempoteza. Unamwangalia tu ajue umemwona, unampa nafasi."

"Na nyumbani," Daktari akauliza, "aliye nyuma ni nani?"

Kisha, kwa kuwa masharti yalikuwa yake mwenyewe, akanyamaza.

Mnadi aliketi juu ya kiti ambacho hakikuwa chake tena. Miaka yote hiyo, kwa mgeni anayetaka meza ya kuandikia, alikuwa na subira. Kwa mwanawe aligonga nyundo kabla hata ya mara ya kwanza. Machozi yalimtoka, na safari hii hayakufuatwa na hotuba.

Jioni ile, Chiriku akiosha vyombo, baba yake alichukua kitambaa akaanza kufuta.

"Umeshindaje, mwanangu?"

Akamwangalia, akangoja. Sahani ikapita, kikombe kikapita, sufuria nayo ikapita. Chiriku akageuka taratibu.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mama! Njoo umwone baba!"

Hakukata tamaa. Siku moja alipata "Sawa tu." Siku nyingine alipata "Vibaya," na nusura aangushe bakuli. Maneno mengine yote aliyameza. Ndipo siku moja katika chumba cha Daktari, wote wamekalia vile viti, Chiriku alisema huku akitazama viatu vyake, "Lile wazo likinijia, maneno siyapati. Nitainua mkono tu. Baba akiuona, aje."

"Popote?" Daktari akamwuliza Mnadi.

"Popote," akajibu, akaishia hapo. Mkewe aligeuka kuhakikisha kama ni yeye.

Wiki zikapita na mkono hauinuki. Mnadi akaanza kuwa na wasiwasi kwamba mtoto amerudi kujificha, na kwamba yeye amenyamaza bure. Alimlalamikia Dereva, ambaye sasa alikuwa naye chanda na pete. Dereva akamjibu kwa ile sauti nyembamba, "Baba, subiri."

Basi Jumamosi moja ua ulifurika, na Mnadi alikuwa ananadi jokofu la milango miwili, kitu bora kuliko vyote alivyowahi kushika mwaka ule. Wanunuzi wawili walikuwa wameshikana mashati kwa bei.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Akanyamaza, akatupa jicho nyuma. Kulikuwa na mkono juu.

"Haya! Bei mpya kule nyuma!" akapaza sauti kwa furaha. "Tuambie, dada yetu, unaongeza..."

Kisha akamwona mwenye mkono. Sweta la bluu, uso uliokauka, na mkono usioteremka.

"Mzee, vipi? Gonga!" mnunuzi mmoja akafoka.

Mnadi alimkabidhi nyundo mkewe, aliyekuwa anaandika risiti pembeni, akaruka kutoka mezani kwa namna ambayo magoti yalimkumbusha umri wake, akapasua umati.

Hakumuuliza kuna nini. Walikwenda ghalani, wakakaa kwenye kochi kuukuu lisilo na mguu mmoja. Kochi liliinamia upande wa Mnadi, hivyo Chiriku akateleza kidogo kidogo mpaka bega lake likagota kwenye la baba yake. Akaliacha pale pale.

"Umeshindaje, mwanangu?"

Hotuba zote alizowahi kutoa zilikuja kupanga foleni kooni, naye akazirudisha moja moja. Nje, sauti ya mkewe ilipaa juu ya umati, "Jamani, jokofu hili linagandisha kila kitu! Limegandisha hata mdomo wa mume wangu!" Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mdomo wa Chiriku ukacheza kidogo pembeni.

"Leo ni siku mbaya," akasema. "Sijafanya kitu. Nilitaka kufanya. Nikaja huku."

Mnadi aliitikia kwa kichwa. Amekuja, alijiambia moyoni. Amekuja kabla. Furaha ilimjaa kifuani mpaka ikamuuma, na hofu ilikuwa humo humo, wala hazikugombana.

Chiriku akasema kidogo, kisha zaidi. Alisimulia kukosa usingizi, marafiki walioacha kumwita, na hofu kwamba nyumbani yeye ni mzigo. Kuna mahali alilia, na kuna mahali alichekea puani. Mengine yalimkata Mnadi maini, naye akayapokea. Maneno yalianza kusukumana mdomoni mwa binti kama enzi zile za mezani, hata Mnadi angetaka kuchomeka neno asingepata mwanya.

"Baba, mbona husemi kitu?"

"Naangalia kama bado kuna mkono nyuma."

Chiriku akacheka, kicheko chenyewe, si cha puani. "Mwambie Daktari aandike kwenye utafiti wake," akasema akijifuta kwa mkono wa sweta, "kwamba dawa imeanza kumponya baba."

"Jumatatu utamwambia mwenyewe. Tutakwenda pamoja."

Siku mbaya hazikuisha siku ile. Daktari alikuwa ameshawaonya kwamba zitarudi, na zilirudi. Lakini sasa zilikuwa na pa kwenda.

"Mara ya kwanza!" mama akaita huko nje, kama aliyezaliwa na nyundo mkononi. "Mara ya pili!"

Ua ukanyamaza. Ghalani nako wakanyamaza, baba na binti, wote wakijua mama anatazama nyuma.

"Kuna kingine," Chiriku akasema polepole.

Mnadi akaegemea kochi, akangoja.