Paka wa Manjano

Ndoo ndiyo iliyopiga kelele kwanza. Ilipinduka, ikabingirika mpaka ukutani, na vibanio vya nguo vikatawanyika uani kama punje za mahindi. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, hatua moja nyuma ya pale ndoo ilipokuwa, binti yangu amelala mgongoni mwake ndani ya mbeleko. Alikuwa amenielekezea uso, macho wazi. Mimi nilikuwa nyuma ya usukani, mguu umekandamiza breki.

"Nani hapo?" akauliza.

Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka. Kati ya uso wake na wangu palikuwa na kioo tu.

Miaka mitano imepita. Juzi, nikipanga sanduku la vitabu, nilikuta daftari langu la masomo ya jioni, lile la insha. Mwalimu alikuwa ametuambia tueleze faida na hasara za kumiliki chombo chochote tunachokitumia. Mlinzi aliyekaa dawati la nyuma aliandika juu ya tochi yake. Mimi niliandika juu ya gari la umeme, kwa kuwa lilikuwa na wiki tatu tu nyumbani kwetu na nilikuwa sijamaliza kulishangaa.

Kabla yake tulikuwa na pikapu ya dizeli aliyoiacha marehemu baba mkwe. Tuliiita Kikohozi. Mimi ni dobi. Nilikuwa nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba mbili za wageni na zahanati moja, na Kikohozi ndiye aliyeyapeleka. Yalitoka kwangu yakinukia sabuni, yakafika yananuka moshi. Mwenye nyumba moja ya wageni aliwahi kunusa foronya mbele yangu, akaniuliza kama siku hizi nafulia gereji. Kwa hiyo mume wangu, ambaye ni fundi umeme, alipompata mteja aliyekuwa anahama na kuuza kigari chake, hatukufikiri mara mbili. Kikohozi akaenda, kigari kikaja.

Kilikuwa cha manjano, manjano ile ya vizibao vya wajenzi wa barabara. Siku kilipofika, Mama alitoka nje akapapasa boneti taratibu, kama anayechagua kitambaa dukani. Kisha akasema, "Rangi yake imetulia."

Tulicheka mpaka mume wangu akashika ukuta. Mama ana mdomo, na tulidhani ni utani wake.

"Linakula nini?" akauliza.

"Umeme, Mama."

"Na likishiba, linajuaje?"

"Linaacha lenyewe. Linawasha taa ya kijani."

"Basi lina adabu kumshinda baba yako, Kifungo," akamwambia mjukuu wake. Binti yetu tulimwita hivyo tangu siku aliyomeza kifungo cha shati la baba yake. Mama akaomba liwashwe. Likawashwa. Akangoja, shingo ameinyoosha. "Si mmesema mnaliwasha?" Mume wangu akalisogeza mbele, likarudi nyuma, na Mama akatikisa kichwa. "Hili si gari. Hili ni paka."

Likabaki na jina hilo.

Kwenye daftari, upande wa faida, niliandika kwamba mashuka sasa yanafika yakinukia sabuni. Niliandika kwamba asubuhi naweza kuondoka bila kumwamsha mtoto. Niliandika kwamba kwenye mteremko wa shuleni tarakimu za chaji hazishuki, zinapanda, mwalimu akaandika pembeni, "Kweli?" na jioni iliyofuata nikampakia akaone kwa macho yake. Upande wa hasara niliandika juu ya waya mrefu unaopita dirisha la jikoni, dirisha lisilofungika tena. Juu ya pasi na gari, ambavyo haviwezi kula pamoja, kwani swichi kuu inajizima. Juu ya siku umeme unapokatika, mashuka yamekunjwa yananisubiri mimi, mimi nalisubiri gari, na gari nalo linasubiri kama sisi.

Hasara moja sikuiandika. Tangu Paka afike, Mama aliacha kunifungulia geti.

Enzi za Kikohozi, sikuwahi kushuka kufungua. Nikikata tu kona, geti la bati linasogea, Mama amesimama pembeni. "Leo umerudi na mzigo," angesema kabla sijafungua mlango, na kweli nilikuwa na marobota nyuma. Sasa nilishuka, nikafungua mwenyewe, nikamkuta ameketi palepale uani ananitazama bila neno. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikajua amenuna. Tumeuza gari la marehemu mumewe, na aliyeliendesha ni mimi, basi hasira imeniangukia mimi.

"Mama yako hanitaki, mimi na gari langu," nilimwambia mume wangu.

"Mpe muda."

Nikampa, kwa sababu nilimhitaji Mama. Yeye ndiye aliyebaki na Kifungo nilipokwenda darasani, na mtihani ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Bila Mama hapakuwa na darasa. Mtu wa namna hiyo humwambii neno. Unalimeza.

Siku ile nilikuwa nimechelewa. Mume wangu alikuwa ameliacha geti wazi alipotoka, nami nikaingia moja kwa moja. Mama alikuwa katikati ya njia na ndoo yake ya vibanio. Alinitazama usoni. Nikasubiri ainuke. Kumpigia honi mama mkwe sikuthubutu. Lakini hakuinuka, na moyoni nikasema, kumbe mambo yamefika huku. Nikaliacha gari lisogee kidogo zaidi, ili ajue kwamba nami nimechoka.

Hilo la kuliacha lisogee sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye daftari halimo.

Nilishuka, nikapiga magoti, nikaanza kuokota. Naye akapiga magoti. Kiganja chake kilifagia ardhi, kikapita kando ya kibanio chekundu, kikarudi, kikapita tena. Kibanio kilikuwa mbele ya goti lake.

"Mama," nikasema, "unaniona?"

"Nakusikia."

"Nimeuliza kuona."

Akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha mbele, taratibu, asimwamshe mtoto. "Naona mwanga. Naona kama mlangoni kuna mtu. Mengine najazia mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu huyu wa mgongoni aanze kukaa mwenyewe."

Kufikia siku ile Kifungo alikuwa ameshajua kukimbia. Nikaanza kuhesabu siku kichwani, nikaacha. Uji aliokuwa akiupoza, dawa aliyokuwa akiipima, soksi alizokuwa akizilinganisha kwa vidole huku mimi nikidhani ni mazoea ya utu uzima. Mtoto wangu alikuwa amelelewa kwa masikio, na hakuwa na kovu hata moja.

"Kikohozi alikuwa ananipa nafasi," akasema. "Nikimsikia kwenye kona, nafungua geti, naondoa vitu njiani, nasimama kama watu wanaoona. Huyu paka wenu anakuja tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme ili iweje? Mnipeleke kwa wifi yako nikae kama mgeni, na mtoto mnitoe mikononi?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Usimwambie mwanangu. Na wewe ukimwambia, mtoto utamwachia nani ukienda darasani?"

Alikuwa amegusa penyewe. Nakiri kwamba nilifikiri: mwezi mmoja tu. Nitakuwa nashuka getini, nitakuwa naita kutoka mbali, mtihani utapita, ndipo tutazungumza. Nilikuwa na vibanio mkononi, nikavitia ndooni kimoja kimoja, na kila kimoja kilipogonga chini Mama aligeuza kichwa kidogo kukifuata. Kifungo akapiga chafya mgongoni mwake, naye akampapasa mguu bila hata kujua kwamba anampapasa.

"Sitamwambia," nikasema. "Utamwambia wewe. Mimi nitakuwa nimekaa ubavuni mwako."

Jioni hiyo sikwenda darasani. Mama alisema mezani, kwa maneno machache, kama anayeomba apitishiwe chumvi. Mume wangu aliweka kijiko chini, akatoka, tukamsikia akitembea uani. Aliporudi alivuta kiti chake akakisogeza karibu na cha mama yake, akaendelea kula.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba anaondolewa.

"Kumbe nilikuwa nalea wawili," Mama akamjibu.

Tulipewa tarehe ya wiki sita mbele. Mume wangu akabadilishana zamu na mwenzake ili awe nyumbani saa za darasa langu. Mtoto hakutolewa mikononi mwa Mama, Mama aliongezewa mikono miwili. Tena mume wangu akachukua kopo tupu la maziwa, akalijaza vibanio nusu, akalifunga chini ya bampa. Nikawa napita mtaani kopo likilia nyuma yangu kama ngoma ya shule.

"Mama Kifungo," muuza mboga wa kwenye kona alinitania, "gari la kisasa, na tayari linamwaga nati?"

Lakini nikikata kona, geti linasogea.

Insha yangu niliiandika upya. "Halina kelele" niliiweka pande zote mbili, kwenye faida na kwenye hasara. Mwalimu akaizungushia wino mwekundu: "Chagua upande mmoja." Sijachagua mpaka leo, na mtihani nilifaulu hivyo hivyo.

Jicho la kwanza lilipofanyiwa upasuaji na bandeji ikafunguliwa, nilikwenda mimi kumchukua Mama. Kwenye maegesho alisimama akiyapitia magari, jeupe, jeusi, la kijivu, mpaka macho yakagota kwenye letu.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, Mama."

Akalizunguka lote. Akainama akaangalia kopo. "Na mkaniacha niseme rangi imetulia."

"Tulidhani unatania."

"Ningekuwa natania," akasema akifungua mlango, "ningesema kitu kikali zaidi."

Nyumbani, Kifungo alimkimbilia. Mama alimshika kidevu akamtazama muda mrefu, kama anayesoma barua iliyochelewa njiani. Baadaye nilimwona uani, amechuchumaa nyuma ya gari, anafungua waya wa kopo. Akavirudisha vibanio kwenye ndoo yao.

Kesho yake nilirudi alasiri kutoka zahanati. Nilikata kona polepole. Hapakusikika kitu ila mchanga chini ya magurudumu. Geti lilikuwa limefungwa. Nikasimama, nikaweka mkono kwenye kitasa ili nishuke kufungua.

Kabla sijakivuta, jicho likachungulia kwenye upenyo wa geti, na bati likasogea.