Vikaratasi vya Dereva

Chumba cha vitu vidogo kilikuwa nyuma kabisa ya makumbusho ya reli, na wageni wengi hawakukifikia. Wakishapiga picha na injini kubwa uani, waliona wamemaliza. Mle ndani alishinda mama mmoja mtu mzima, mjane asiye na mtoto, akisugua filimbi za shaba, vifungo vya makoti, koleo za kutobolea tiketi, na kikombe kimoja cha ajabu chenye ukingo wa kuzuia masharubu yasilowe chai. Wenzake walimwita Bi Shaba, wakimtania kwamba siku akifumba macho, maiti yake itang'aa. Alicheka nao. Kisha wao wakaenda zao, yeye akabaki na vifungo.

Asubuhi moja mkuu wa makumbusho alimletea mwanamke wa makamo aliyebeba sanduku la bati. Baba yake, dereva wa treni, alikuwa amefariki, na familia ilitaka vitu vyake vihifadhiwe. Mkuu akamwachia Bi Shaba kazi ya kuviandikisha.

Wakatoa miwani ya vumbi, saa ya mfukoni na kofia iliyopauka. Chini kabisa kulikuwa na kopo la tumbaku, limejaa vikaratasi vilivyokunjwa vidogo kama vya kufungia dawa ya unga.

"Hivi hatukuwahi kujua ni vya nini," alisema binti huyo wa dereva. "Mama alitaka kuvitupa, baba akawa mkali. Na baba hakuwa mtu wa ukali. Hakuwa mtu wa maneno kabisa."

Bi Shaba akakunjua kimoja: *Mbuzi wengi kwenye kona ya pili.* Kingine: *Mvua kubwa, lakini daraja ni zima.* Kingine tena: *Nyanya zangu zimeiva.* Akavuta kiti, akaketi. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Ujanani alikuwa ametunza kituo kidogo kwa miaka tisa, mahali ambapo treni haikusimama. Kazi yake ilikuwa kuinua pete kubwa ya waya yenye mkoba wa ngozi. Mkobani mlikuwa na kipande cha shaba, na dereva asiyekuwa nacho hakuruhusiwa kuingia njia ya mbele. Dereva alitoa mkono dirishani, mkono ule ule siku zote, akaipokea pete treni ikienda, basi. Mtu mwingine hakumwona kutwa nzima. Ndipo akaanza kutia kikaratasi mkobani, kwanza cha kazi, baadaye cha lolote lililomjia. Jibu hakulipata hata siku moja, akaamini vinatupwa.

Akamweleza binti yote bila kupamba.

"Kwa hiyo alikuwa na mtu wa kuzungumza naye," akasema binti kwa sauti ya uchungu.

"Hapana, mwanangu. Hakunipa neno. Hata sura yake siijui. Naujua mkono tu."

Binti akatoa picha pochini. Alikuwa mwanamume mwembamba, masikio kama vishikio vya chungu. Bi Shaba akaitazama sana.

"Kumbe. Mimi miaka yote nilikuwa nimempa kitambi na upara."

Wakacheka wote wawili, na katikati ya kicheko binti akaanza kulia. Alisema walikuwa wakila na baba yao meza moja na kusikia vijiko tu, na kila mtoto alidhani kosa ni lake. Bi Shaba akamshika bega, hakumkatiza.

Alipotulia, binti alitaka kumrudishia kopo. Bi Shaba akakataa. Kitu ukishampa mtu ni chake. Wakakubaliana vikaratasi vibaki makumbusho, isipokuwa kile cha nyanya, ambacho binti alikichukua. Kwenye daftari la makumbusho, mahali pa kueleza kitu kilitumika kwa nini, Bi Shaba aliandika: mawasiliano ya kituo na treni.

Mlangoni binti aligeuka, akamuuliza alitaka ajibiwe nini.

"Chochote," alisema Bi Shaba. "Hata 'nimepata.'"

Mchana ule hakuingia mgeni. Uani watoto wa shule walikuwa wakipanda injini na kupigiana kelele. Bi Shaba alivikunjua vikaratasi kimoja kimoja, akavisoma vyote taratibu, kama vya mtu mwingine, na vingi alikuwa amevisahau.